Safu ya Tano

Kijana wa chuo kikuu alikuja na kipakatalishi
na barua yenye mihuri mitatu.
Akasema anahesabu sumu.
Nikamvutia kile kiti kisicho na mgongo,
nikamshushia vitabu, Januari hadi Desemba,
majalada ya kijani yaliyotafunwa pembe na mende.

Safu ya kwanza jina. Ya pili umri. Ya tatu mtaa.
Ya nne alichokunywa, au alichokula, au alichovuta.
Ya tano nyembamba, upana wa kidole:
BM, bahati mbaya. MK, makusudi.
HJ, haijulikani.

Siku ya nne akasema anaona ruwaza.
Neno lake hilo; mimi niliita mazoea.
"Watoto huja saa nne asubuhi."
Ndiyo, saa nne ndiyo saa ya kufua.
Mama yuko bombani na mtungi wake kwenye foleni,
mafuta ya taa yako kwenye chupa ya soda,
na chupa ya soda haijawahi kumdanganya mtoto
hadi leo.
Tazama mstari huu: Kwamboka, miaka miwili, Mukuru.
Aliletwa akikohoa, pumzi inanuka stovu,
na mama yake bado ana povu la Omo viwikoni.

"Julai, familia nzima nzima."
Julai ni baridi, kijana. Chumba cha mabati,
jiko la makaa likaingizwa ndani, mlango ukakomewa,
nguo ikasokomezwa chini yake kuziba upepo.
Hao hawakunywa kitu. Walitaka joto tu.

"Jumatatu, wanaume. Macho."
Mzee Wafubwa, wa Korogocho, alitoka matangani
walikogawiwa pombe ya mpishi mgeni.
Aliniuliza kwa nini tumezima taa.
Ilikuwa saa saba mchana.

Kisha akanyamaza siku mbili.
Ya tatu akanigeuzia mashine nione
nguzo za rangi, fupi na ndefu.
"Mama Mbeneka, usiku wa zamu za wenzako
watu wazima wengi ni MK.
Usiku wako, karibu wote BM.
Kwani kwako bahati huwa mbaya zaidi?"

Nilichukua muda kufunika kalamu.

Sikiliza. Miaka ile askari alikaa pale mlangoni,
pale penye mashine ya maji sasa.
Ukiandikwa MK halafu ukapona,
ulitoka kitandani ukapanda karandinga.
Kulikuwa na msichana. Tumwite Sanaipei, si jina lake.
Mpira puani, alama za kucha zake mwenyewe viganjani.
Kilichomfikisha pale sikijui, sikumwuliza.
Askari alikuwa ameshatoa daftari lake dogo.
Nesi Chepng'eno alinitazama, nami nikamtazama,
nikaandika BM.
Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha.
Usiku uliofuata nikaandika tena.
Na tena.

"Lakini takwimu..."
Takwimu zako zina uongo wangu ndani yake,
kama chumvi kwenye mchuzi: umeshaiva,
hutaichuja. Itie kwenye tanbihi.

Hakuandika. Aliuliza chai inauzwa wapi.
Aliporudi na vikombe viwili, kimoja kimemwagika,
nikamwambia na hili:

Mwaka jana mwanamke alikuja dirishani
na mtoto mgongoni na kadi ya chanjo mkononi.
Hakuwa wa dirisha langu, chanjo ni jengo la pili.
Akainama hadi kwenye tundu la kioo.
"Mimi ni mstari wako," akasema. "Wa Agosti."
Mtoto alikuwa anatafuna kamba ya kofia.
Nilimtafuta usoni, sikumpata.
Walikuwa wengi, Agosti ile.
Nikamwambia namkumbuka vizuri.

Huo nao uhesabu, kijana.
Safu ya tano.
Andika makusudi.